Kidole cha Lakshmi

Tangu shaba imiminwe asubuhi, Poongothai hakutulia. Alifagia karakana iliyokwisha kufagiwa, akaenda kuigusa kalibu ya udongo, akaungua vidole.

"Unataka kuipoza kwa macho?" kaka yake Kathiresan akamtania.

"Niache, kaka!"

Ndani ya kalibu alikuwamo Lakshmi, mungu wa kike wa neema, sanamu ya kwanza ambayo Poongothai aliifinyanga peke yake kwa nta, kwa ajili ya hekalu la mtaa wao pale Swamimalai, kusini mwa India. Nta hiyo, iliyofunikwa kwa udongo, ilikwisha kuyeyuka na kuiachia shaba nafasi. Lakini hewa ikinaswa ndani, shaba haifiki kila mahali, na sanamu yenye kilema haiabudiwi.

Jioni baba yao aliivunja kalibu kwa nyundo. Uso ukatoka, kisha mkono ulioinuliwa kubariki. Kidole chake kidogo kilikuwa nusu.

Poongothai alikigusa kile kidole.

"Si hasara," Kathiresan akasema. "Kuna hoteli inatafuta pambo la mapokezi. Mgeni gani atahesabu vidole?"

Baba akamgeukia binti yake. "Wewe ndiye uliyemfinyanga, mwanangu. Sema."

Poongothai alimtazama Lakshmi usoni. Mahali pa macho palikuwa laini bado, kwa kuwa macho huchongwa mwisho, na kabla ya hapo mungu hamwoni mtu.

"Hajatuona bado, baba," alisema kwa sauti ndogo. "Mrudishe motoni, ayeyuke."

"Na watu wa hekalu?" Kathiresan akauliza.

"Watangoja."

Tayari alikuwa na donge la nta kiganjani, na safari hii alianza na kidole.