Ganzi ya Kisogoni

Hospitalini walimbandika jina la Dokta Kisogo, na alijitakia mwenyewe. Tangu arudi mafunzoni, kila aliyeingia chumba cha dharura akilia na kichwa aliinamishwa, akapapaswa nyuma ya fuvu na kuchomwa sindano ya ganzi pale mshipa wa fahamu unapopanda kuelekea utosini. Wengi walitoka wanacheka. Hata wauguzi waliokuwa wakimdhihaki walianza kumwitia wagonjwa.

Mchana huo chumba kilifurika. Mtoto analia, vitanda vinasukumwa, simu ya ukutani inaita na hakuna wa kuipokea. Fundi cherehani akaingia ameshikiliwa na wifi yake, kitambaa kimekazwa kichwani hadi nyusi zimevutika. Daktari alimfahamu vizuri, maana huyu mama na kipandauso walikuwa wamezoeana miaka mingi.

"Kimekupanda tena, mama?"

"Tena, mwanangu. Leo kimenikomesha."

"Usijali, nina dawa mpya. Inama."

Basi, hakuuliza zaidi. Mtu amekuja na ugonjwa wake wa siku zote, nani ana muda wa kumhoji kama polisi? Akasafisha kwa spiriti, akachoma kulia, akachoma kushoto, akakandakanda. Wifi alitazama dirishani kwa kuwa sindano humtisha, hata ikiwa ya mwenzake.

Haikupita muda fundi akafumbua macho. "Jamani! Kimeondoka. Kisogo chenyewe sikisikii."

"Afadhali," wifi akasema. "Njiani umenitukana mpaka nikawaza kutafuta wifi mwingine."

Wakacheka, fundi akatafuta viatu vyake. Daktari naye alijiona bingwa, akaenda kwa mgonjwa mwingine kifua mbele.

Lakini hakutulia. Alimpima mtu presha akasahau alichosoma, akapima tena. Akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Ganzi huzima maumivu, haijui yametoka wapi. Hilo waliambiwa mafunzoni kabla ya yote, naye akaitikia tu huku akisubiri kwa hamu wafike kwenye sindano.

Akatoka mbio, akawakuta getini.

"Mama, subiri. Leo kilianzaje?"

"Kilianza tu."

"Tu?" wifi akadakia. "Alikuwa anakata kitambaa, mara akapiga yowe, mkasi ukaanguka. Nilidhani kajikata kidole!"

Hapo daktari akashtuka. Kipandauso cha huyu mama humjia polepole, kikitanguliwa na vimulimuli machoni. Mwenyewe alishamsimulia mara nyingi.

"Vimulimuli uliviona?"

"Leo hapana."

"Turudi ndani. Unahitaji picha ya kichwa."

"Picha ya nini, na nimepona? Nina nguo za watu mezani."

"Mama, nimekosea. Nilitakiwa kukuuliza kabla ya kukuchoma. Sasa sijui kama umepona, au nimekutia ganzi tu."

Aliyasema pale pale, mlinzi anasikia, wapita njia wanasikia, na aibu ikampanda hadi masikioni. Fundi akasita. Wifi akampokonya mkoba.

"Twende. Ukifa, gauni langu atalimalizia nani?"

Nje ya chumba cha picha daktari alitembea huku na huku hadi wifi akamwomba akae, anamtia kizunguzungu. Hakukaa. Mpiga picha, mtu wa mizaha kwa kawaida, alifungua mlango bila mzaha wowote, akamwonyesha kioo cha mashine. Damu ilikuwa imevuja kuuzunguka ubongo.

Fundi akalazwa, akakatazwa kuinuka, na daktari wa upasuaji wa kichwa akapigiwa simu, akasema yuko njiani. Fundi akashika mkono wa koti la daktari.

"Damu? Mbona siumwi sasa?"

Daktari angeweza kulaumu msongamano, kelele, hata kipandauso chenyewe. Maneno yote hayo yalimjia, akayameza.

"Ungeumwa, mama. Mimi ndiye niliyeyazima maumivu."

Fundi alimtazama, macho yake hayana mzaha wala hasira. Alikuwa anaogopa.

"Basi usiende popote," akasema. "Kaa hapa hapa mpaka ganzi yako iishe."

Daktari akavuta kiti, akakaa.