Ng'ombe wa Maziwa wa Mheshimiwa

Mama Pacha alipalilia mashamba ya watu kwa miaka kumi na moja, mgongo ukipinda na ujira ukibaki palepale. Mwenye bomba la kupulizia dawa alilipwa mara tatu yake, tena akiwa amesimama wima. Basi akaamua kukopa, anunue bomba.

Chama cha kuweka na kukopa kilikuwa cha vibarua wenyewe. Kila Jumamosi walikatwa kidogo kutoka kwenye ujira. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, lakini kiti cha mwenyekiti kilikuwa cha kuzunguka. Mwenyekiti huyo aliitwa Mheshimiwa, kwa kuwa asipoitwa hivyo alikuwa hasikii.

"Wadhamini wapo, picha ipo," alisema, akizunguka taratibu. "Ila mama, lazima kwanza tukague mradi."

"Mradi upi, Mheshimiwa? Bomba sijanunua."

"Ndiyo maana tunasita."

Miezi minne akapigwa danadana. Mara muhuri umeishiwa wino, mara kamati imekwenda hotelini kwenye semina ya kubana matumizi.

Siku ya mkutano mkuu, Mheshimiwa akatangaza kwamba mkopo mkubwa kuliko yote ulikwenda kwa mwanachama wa mfano, yaani yeye, kwa ng'ombe watatu wa maziwa. Watu wakapiga makofi kwa mazoea. Mama Pacha akanyoosha mkono.

"Hongera. Sasa kwa kuwa miradi inakaguliwa, twende tukawaone. Si hapo tu?"

"Leo wamechoka."

"Hatuwafanyishi kazi. Tutawaangalia tu."

Watu wakaangua kicheko, wakainuka. Vibarua sitini wakashika njia, Mheshimiwa mbele, simu sikioni, akinong'ona: "Shemeji, fanya haraka!"

Uani walikuta ng'ombe mmoja akihema, na shemeji mtu kashika kamba, jasho linamtiririka.

"Wengine wako malishoni," Mheshimiwa akaeleza. "Huyu ndiye anayeongoza kwa maziwa."

Mama Pacha akainama, akachungulia, akainuka polepole. "Mheshimiwa, huyu dume."

Shemeji akajitetea: "Jamani, mimi nimeambiwa nilete ng'ombe. Habari za maziwa sikuambiwa."

Nyuma ya nyumba, chini ya turubai, wakakuta gari jipya. Wakapiga kura palepale uani, wakamvua uenyekiti. Gari likauzwa, fedha zikarudi chamani, na wiki iliyofuata Mama Pacha akapewa mkopo wake. Wino ulikuwa tele.

Siku ya kwanza bomba lilimvujia mgongoni, naye akakaa kwenye tuta akalia, akidhani amekopa hasara. Kumbe ni kifuniko tu kilikuwa hakijakazwa. Hadi mavuno alikuwa amemaliza deni, na wifi yake naye akakopa, akanunua bomba la pili. Sasa wanapuliza mashamba pamoja, na wanawe pacha, waliokuwa wamefukuzwa kwa kukosa ada, wamerudi shule.

Mheshimiwa bado anahudhuria mikutano yote. Anakaa mstari wa mbele, na kila mtu akiomba mkopo, yeye ndiye wa kwanza kusimama: "Taarifa, mwenyekiti! Huo mradi umekaguliwa?"