Mashangazi Wawili, Nambari Moja

Mlangoni pake paliandikwa "Mhandisi Mwandamizi wa Data", kwa herufi za dhahabu zilizokwishaanza kubanduka, lakini usidhani maandishi hayo yalimsaidia kitu. Idara nzima ya usajili wa watu ilimletea printa zilizokwama karatasi. Mhasibu alimletea chaja ya simu. Mlinzi wa getini alimletea redio. Kila mara alieleza, kwa upole wa mtu anayekaribia kupasuka, kwamba kazi yake ni kuhakikisha taarifa za raia zinatoka ofisi ndogo, zinafika kwenye mfumo mkuu, na kutoka hapo zinakwenda hospitalini na shuleni zikiwa nzima na safi. Walitikisa vichwa, wakasema wameelewa, kisha wakauliza, "Sasa na hii redio?"

Neno lake lilikuwa "safi". Akiona rekodi chafu, hata usingizi haumjii. Ndiyo maana wakambandika jina la Fagio, naye alijifanya kununa lakini moyoni alilipenda.

Na mwaka huo fagio lilipata kazi. Mfumo ulikuwa umejaa watu waliosajiliwa mara mbili: mtu kajiandikisha huku kwa jina la nyumbani, kajiandikisha kule kwa jina la shule, kapewa nambari mbili. Fagio alikaa miezi minne akatunga kanuni. Rekodi mbili zikiwa na baba mmoja, mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, jinsia moja na nyumba moja, basi huyo ni mtu mmoja. Majina yasitazamwe, maana majina ya watu hayana mwisho. Ibaki nambari ya zamani, na kila kitu kikusanywe humo. Jumapili moja akaiachia kanuni ifanye kazi, na iendelee kupita kila alfajiri. Rekodi elfu arobaini na moja zikaunganishwa. Mkurugenzi alifurahi hadi akamwita "binti yangu". Waziri mwenyewe angekuja Jumatano kusikia habari hizo, na Fagio angepewa cheti mbele za watu.

Wewe unayesoma huenda umeshaliona shimo. Yeye hakuliona.

Jumanne saa nne asubuhi zogo likazuka mapokezi.

"Nipishe! Mimi ndiye mkubwa, nitaeleza mimi!"

"Mkubwa wa dakika ishirini! Aliyefutwa ni mimi, niache niseme mwenyewe!"

Fagio alizitambua sauti hizo kabla hajainua kichwa. Walikuwa shangazi zake, dada wa marehemu baba yake, waliomlea tangu akiwa na miaka sita. Mapacha. Shangazi Mkubwa alitangulia kuzaliwa kwa dakika ishirini, na kwa miaka sitini na minane hakumruhusu mtu yeyote asahau. Shangazi Mdogo alikuwa mshonaji. Ndiye aliyemshonea Fagio kila sare ya shule, kwa macho yale yale ambayo sasa yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Waliishi nyumba moja, kila mmoja na sufuria yake, na hawakuwahi kukubaliana hata juu ya mvua.

"Shikamooni," alisema Fagio akiwavuta ofisini.

"Marahaba," wakaitika pamoja, kisha wakatazamana kwa hasira kama vile mmoja kamwibia mwenzake neno.

Shangazi Mdogo akaketi, akapapasa meza mpaka akaupata mkono wa Fagio. "Mwanangu, nimetoka hospitali. Si unajua Alhamisi ni zamu yangu ya jicho la kulia? Karani katazama kompyuta yake, kaniambia jicho hilo nilishapasuliwa mwaka jana. Nikamwambia, baba, ningekuwa nimepasuliwa ningekuona una sura gani. Hapa naona wingu linaloongea. Akasema kompyuta haidanganyi. Kanitoa kwenye orodha!"

"Aliyepasuliwa mwaka jana ni mimi," alisema Shangazi Mkubwa, akilipepesa jicho lake jipya kwa maringo. "Huyu kaniiba jicho."

"Na yule daktari wa macho anaondoka Ijumaa," Mdogo aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Anarudi baada ya miezi minane. Kufikia hapo nitakuwa nausalimia mlango nikidhani ni jirani."

Fagio aliingiza nambari ya Mdogo kwenye mfumo. Akatokea mtu mmoja. Jina la Mkubwa. Upasuaji wa Mkubwa. Shinikizo la damu la Mdogo. Baba mmoja, mama mmoja, tarehe moja, nyumba moja.

Lo! Mtoto aliyelelewa na mapacha, aliyeamua ugomvi wa mapacha tangu hajaota meno ya ukubwani, ametunga kanuni ya nchi nzima akasahau kwamba duniani kuna mapacha!

"Shangazi," alisema, "ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyewaunganisha."

Shangazi Mkubwa akashika kiuno. "Makubwa haya! Kweli nyani haoni kundule. Miaka yote hiyo mama yetu mzazi hakutuchanganya, leo tumechanganywa na mtoto tuliyemfundisha kuvaa viatu."

Shangazi Mdogo hakugomba. Aliupapasa uso wa Fagio kama kwamba aliyehitaji kuonewa huruma ni yeye. "Basi tutenganishe, mwanangu. Si ndiyo kazi yako?"

Bora angemzaba kofi.

Kutenganisha alikujua. Rekodi zote za zamani alikuwa amezihifadhi kabla ya kuiachia kanuni, hakuwa mjinga kiasi hicho. Lakini kumtenganisha mtu mmoja kusingefaa, maana alfajiri kanuni ingepita tena na kumfagia upya. Ilibidi kanuni isimamishwe na mapacha wote warudishwe, na hilo lilihitaji saini ya Mkurugenzi. Akakimbilia ghorofa ya juu akiwa na hesabu mkononi: watu elfu mbili mia tatu na kumi na mmoja walikuwa wamemezwa na ndugu zao.

Mkurugenzi aliisoma karatasi, akaigeuza kifudifudi. "Kesho Waziri anakuja. Tupe wiki mbili, tutarekebisha kimyakimya. Shangazi yako nitamwandikia barua aipeleke hospitali."

"Hospitali hawasomi barua, mzee. Wanasoma mfumo wetu. Mimi ndiye niliyezunguka nchi nzima nikiwafundisha wasiamini kitu kingine."

"Basi subiri."

"Kuna vichanga humo. Mmoja akichanjwa, mfumo unasema wote wamechanjwa."

"Nimesema subiri," alijibu Mkurugenzi. Ile "binti yangu" haikusikika tena.

Jumatano ukumbi ulijaa, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe, kipaza sauti kinapiga miluzi. Mkurugenzi alieleza jinsi elfu arobaini na moja walivyosafishwa. Watu wakapiga makofi. Fagio akaitwa mbele kupokea cheti. Kwa kweli alitamani printa mojawapo ikwame aitwe haraka.

"Mheshimiwa Waziri," alisema, "kabla sijapokea, nimewaletea mmoja wa watu niliowasafisha, mumwone." Akaashiria safu ya nyuma. "Shangazi, simameni."

Wakasimama, uso ule ule mara mbili.

"Huyu," alisema Fagio, "ni mtu mmoja, kwa mujibu wa mfumo wetu."

"Ningekuwa mtu mmoja na huyu ningeshajihama!" alidakia Shangazi Mkubwa.

"Umesikia, Mheshimiwa?" alisema Shangazi Mdogo, akimhutubia mpiga picha kwa heshima zote. "Ndiyo shida ninayoishi nayo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Waziri hakucheka. Alimtazama Shangazi Mdogo, akamtazama mpiga picha, akaelewa.

"Wako wangapi kama huyu?"

"Elfu mbili mia tatu na kumi na mmoja. Kosa ni langu, Mheshimiwa, si la mtu mwingine. Dawa yake ninayo. Nakosa saini moja."

Waziri akamgeukia Mkurugenzi. Mkurugenzi akajipapasa mifuko yote, akaipata kalamu, akaitia saini karatasi aliyonyooshewa na Fagio, palepale juu ya kiti chenye kitambaa cheupe. Cheti kilirudi kwenye bahasha yake na hakijaonekana hadi leo.

Fagio hakungoja soda. Alipanda ngazi mbilimbili, na kufikia saa kumi kila pacha alikuwa na nambari yake. Kanuni aliiwekea sharti jipya: isimuunganishe mtu na mtu mpaka karani awe amewaita na kuwaona. Saa kumi na nusu akaipigia simu hospitali, na yule karani wa "kompyuta haidanganyi" akamjibu kwamba naam, jina lipo, zamu ya tatu. Aliiweka simu chini akalia, mlinzi kasimama mlangoni na redio yake, hajui aingie au arudi.

Ijumaa asubuhi walikuwa wodini, Fagio amesimama, Shangazi Mkubwa ameketi karibu kabisa na kitanda, ingawa alidai kiti kile ndicho pekee kilichokuwa na mgongo. Nesi akaitoa bandeji. Shangazi Mdogo akapepesa, jicho likatoa machozi, akamwona Fagio kwanza.

"Umekonda. Na hilo gauni nani kakushonea? Pindo limekwenda upande."

Kisha akamgeukia dada yake. Akamtazama muda mrefu, mikunjo yote, mvi zote, kila kitu alichokuwa amefichwa na lile wingu.

"Mungu wangu," akasema taratibu. "Kumbe tumezeeka hivi."

Fagio alisubiri vita. Shangazi Mkubwa akauchukua mkono wa mdogo wake na kuuweka mapajani pake.

"Usiogope," akasema. "Nimekutangulia dakika ishirini tu."