La ya Kinanda Kilicholiwa na Mchwa

Kama kuna siku Demetria alishikwa na kiherehere, ni Jumamosi ile. Mkono hautulii, mguu hautulii. Kinanda cha mbao cha kanisa lao pale Ukonga kilikuwa kimeliwa na mchwa hadi kikabomolewa, lakini kabla hakijabomolewa, yeye mpigaji wake alikirekodi. Tena si kwa mchezo. Kibonye kimoja kimoja, kwa taratibu, kwa wastani, kwa nguvu, mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini humo kanisani. Sauti zote akazitia kwenye kompyuta, na leo zingetokea kwenye kinanda cha umeme.

Sasa Brightson, fundi mitambo wa kwaya, mtoto wa Manzese mwenye mdomo wake, naye akaja na faili lake. Alichukua rekodi zile zile, akabakiza kibonye kimoja katika kila vitatu, vilivyobaki akaiachia kompyuta ivijaze kwa kuvuta sauti ya kibonye cha jirani.

"Sista, faili lako zito mno, mashine inahema. Langu jepesi, na hakuna sikio litakalojua tofauti."

"Mie nimeweka kinanda kizima. Wewe umeweka mifupa."

Ishu ni kwamba kompyuta haikuwa na nafasi ya mafaili yote mawili, na kinanda chenyewe kilishakuwa kuni. Likifutwa la Demetria, ndiyo basi tena. Mwalimu wa kwaya, Apolinari, akaamua wanakwaya wachague.

Demetria akapiga yote mawili, wanakwaya wamempa mgongo. Wakatazamana. Hakuna aliyesikia tofauti. Brightson akachekelea.

"Basi tuimbe," akasema mwalimu.

Wakaanza na faili la Brightson. Kwenye kiitikio, sauti ya pili ikagongana na kinanda, mpaka watu wakakunja nyuso.

"Sauti ya pili, mnashuka."

"Sie hatujashuka, mwalimu," akajibu Mama Bupe, anayeongoza sauti ya pili tangu Demetria hajazaliwa. "Tunaimba kama tunavyoimbaga."

Wakarudia na faili la Demetria. Wimbo ukakaa, raha mpaka moyoni. Demetria akataka kuruka kwa furaha. Akatafuta haraka wapi paligongana, akapiga noti ya La peke yake kwenye faili moja, kisha kwenye la pili. Hapo akaelewa. La ya kinanda cha mbao ilikuwa imelegea, imeshuka kidogo, miaka nenda rudi, na sauti ya pili ilijifunzia humo humo. Brightson hakuibakiza, kompyuta ikajaza La iliyonyooka.

"Kwa hiyo siku zote tumekosea?" mwalimu akauliza kwa sauti ndogo.

"Ndiyo maana nasema langu," Brightson akadakia. "Langu ndilo sahihi."

Furaha yote ikamyeyuka Demetria. Ubishi wa ukubwa wa faili kaushinda, na kilichompa ushindi ni ubovu wa kinanda.

Mama Bupe ndiye aliyesema. "Mwanangu Brightson, mume wangu aliimba sauti ya tatu nyuma yangu, kwa La hiyo hiyo. Tukamzika kwa La hiyo hiyo. Ukiinyoosha, mie nitaimba na nani?"

Brightson akainamia kompyuta. Hakungoja mwalimu aamue, akalifuta faili lake.

Demetria akaipiga La, kwa nguvu zake zote, na sauti ya pili nzima ikaidaka kabla mwalimu hajainua mkono.