Nyamoita na Picha Iliyokataa Kuzimika

Alhamisi, saa nne na robo asubuhi, katika hospitali moja mjini Kericho, Daktari Aluoch alivaa miwani yake na kuiongoza mikono minne ya roboti ndani ya tumbo la Nyamoita, mchuma chai, kumtoa mawe ya nyongo. Katika miwani ile picha ilielea juu ya mgonjwa: ini la kahawia, mishipa ya buluu, kila kiungo na jina lake. Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari akavua miwani. Picha ikabaki palepale, na sasa hata mfagiaji aliiona.

Fundi alizima mashine, kisha stima ya wodi nzima. Picha ikazidi kung'aa. Kwa kuwa kitanda kilihitajika, Nyamoita aliruhusiwa kwenda nayo nyumbani.

Kambi ya wachuma chai ilifurahi kupita kiasi. Mwalimu wa sayansi alikuja kumwazima kwa vipindi viwili. Watoto walipiga makofi kila tonge liliposhuka. Jirani yake, Janefer, aliyaona wazi mandazi ambayo Nyamoita alikuwa ameapa hajayagusa. Nyamoita alicheka mpaka nyuzi zikamvuta, na kila mtu akaona zilipovuta.

Mgongoni, lakini, palikuwa pekundu. Mifupa miwili ilikuwa imekaliana, na mshale uliielekea ukiwa na maandishi nadhifu: kikapu cha majani, miaka kumi na tisa. Mara tatu Nyamoita alikuwa ameomba kuhamishiwa kitaluni, kwenye kazi ya miche, na mara tatu zahanati ya shamba ikaandika kwamba ni mzima. Janefer alipomsomea maneno yale, Nyamoita alilia kwa furaha: sasa ushahidi upo.

Jumatatu akaenda ofisi ya shamba. Karani Weldon alizunguka meza, akamsoma mgongo kwa kidole, taratibu, bila kuruka neno.

"Mama, hii ni ukweli kabisa. Pole sana. Mgongo imeisha."

"Basi niandikie kitalu, mwanangu."

"Ningeandika. Lakini faili inasema uko mzima, na hii yako haina mhuri."

"Si uigonge?"

Weldon aligonga. Mhuri ulipita hewani ukatua kwenye kalenda. Akajaribu tena, safari hii amesimama juu ya kiti, na bado ukapita. Walicheka wote wawili, yeye akishika kabati, Nyamoita akishika mbavu. Kisha Weldon akafuta machozi na kurudisha faili mahali pake. Nyamoita alitoka akiwa na hasira iliyomfanya moyo udunde kwa rangi ya machungwa, na watu wa foleni wakampisha kwa adabu.

Kidonda kilipopona alirudi shambani. Nyapara aliipenda ile picha mno. Zamani ukungu ulipotanda walisubiri uinuke ndipo waanze kuchuma. Sasa kazi inaanza saa kumi na moja unusu alfajiri, na Nyamoita hutangulia, ili wenzake waone njia.