Kumi na Wanane Kabla ya Saa Sita

Ijumaa saa nne asubuhi Nereida Ontiveros aliingia ofisini kwa mkuu wa kitivo akiwa na vumbi la lozi hadi kwenye nyusi. Alikuwa ametoka moja kwa moja kiwandani, zamu ya kuchambua lozi tangu usiku. Nyuma yake walimfuata watu watatu wa kiwanda kilekile, kila mmoja na vumbi lake: dada yake Yadira, rafiki yao Chuy, na Don Anselmo, mzee wa miaka sitini na mmoja aliyekuwa amevaa koti la harusi.

"Kuna msiba?" aliuliza Bi. Pruitt, mkuu wa kitivo.

"Bado," alisema Chuy. "Tumekuja kujiandikisha."

Somo lenyewe liliitwa Statiki: namna mzigo unavyokaa juu ya daraja bila kuliangusha. Lilikuwa limebaki hilo tu. Miaka mitano Nereida amesoma chuo hiki cha jamii, ngazi ya kupandia chuo kikuu, somo moja hapa, mawili pale, kulingana na zamu. Kalkulasi amemaliza, fizikia amemaliza. Chuo kikuu nacho kimeshamwandikia: nafasi ya uhandisi wa ujenzi ni yake, mradi amalize Statiki kabla ya Juni. Asipomaliza, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Sasa, Statiki hufundishwa mara moja kwa mwaka, na hiyo ni kama wanafunzi wametimia kumi na wanane. Mwaka jana walikuwa kumi na wanne, likafutwa. Mwaka huu kumi na watano, yeye akiwemo, na mwisho wa kujiandikisha ni leo, saa sita mchana. Nereida akafanya kama wanavyofanya watu wa bonde lile la lozi friji linapokataa kupita mlangoni. Aliita ndugu. Ada haikuwa shida, walisamehewa wote. Umaskini wao ulikuwa na vyeti.

Bi. Pruitt alizipanga fomu tatu mezani.

"Chuy. Umesoma kalkulasi?"

"Nimesoma ramani, bimkubwa."

Yadira akamchoma kiwiko. "Mwalimu ametusamehe kalkulasi," alisema. "Saini yake hiyo hapo."

Saini ilikuwa imepindapinda. Mwalimu wa Statiki, Sarkissian, alikuwa kibarua wa vyuo vitatu, ofisi yake ni buti ya gari, na fomu zile alizisaini juu ya boneti huku injini inanguruma.

"Mwalimu anapendekeza tu," alisema Bi. Pruitt, kwa upole. Kila kitu alikisema kwa upole. "Inayosamehe ni kamati. Siku tatu za kazi."

"Leo Ijumaa," alisema Nereida.

"Basi Jumatano."

Don Anselmo akasogea. Alitoa karatasi ndani ya mfuko wa plastiki na kuilaza mezani kwa mikono miwili, kama anayemlaza mtoto.

"Mimi sihitaji kusamehewa, Bibi. Mimi ni mhandisi wa ujenzi. Kule kwetu, Sinaloa. Nimejenga madaraja saba, na yote bado malori ya miwa yanapita."

"Hongera sana. Imetafsiriwa?"

"Nini, miwa?"

"Shahada, mzee. Imetafsiriwa na kukaguliwa na shirika lenye idhini?"

"Hapana."

"Basi kwenye mfumo huna kalkulasi."

"Kwenye mfumo," alirudia Don Anselmo. Akafikiri kidogo. "Lakini somo hili ningeweza kulifundisha."

"Hatutafuti mwalimu. Tunatafuta wanafunzi."

Chuy alicheka peke yake.

"Bi. Pruitt," alisema Nereida, "si hawa hapa. Wahesabu. Kumi na wanane."

"Mimi nawaona, mpenzi. Kompyuta inaona kumi na watano."

Wakakaa kwenye viti vya korido kusubiri, pengine watatokea watatu wengine kutoka mbinguni wenye kalkulasi. Walitokea wawili, wakauliza choo kiko wapi. Nereida alisubiri uchungu umjie. Ulikuja usingizi. Vidole vyake vilikuwa bado vinachambua juu ya goti, nzuri huku, mbovu kule, na yeye akavitazama kama vya mtu mwingine.

Saa sita kamili Bi. Pruitt akawaita ndani. Alibonyeza kitufe mbele yao, mara moja, kwa kidole cha shahada.

"Limefutwa. Pole sana. Kuna chuo kingine wanalifundisha, kilomita mia na sitini tu."

"Kule nimeshaomba. Kwenye orodha ya kusubiri mimi ni wa thelathini na tisa."

"Na chuo kikuu? Ungewaandikia ukawaeleza."

"Niliwaandikia. Ilijibu mashine."

"Basi omba tena mwakani."

"Mwakani mtalifundisha?"

"Tukifika kumi na wanane."

Mlango ukagongwa. Aliingia mwanamke wa ofisi ya matangazo, kamera shingoni, kofia ngumu ya ujenzi, ya njano, mkononi. Kofia ilikuwa na stika ya bei.

"Ni huyu?"

"Ndiye!" Uso wa Bi. Pruitt uling'aa kwa mara ya kwanza. "Nereida wetu. Amekubaliwa uhandisi chuo kikuu. Anakwenda kwenye bango la barabarani."

"Siendi chuo kikuu," alisema Nereida.

"Umekubaliwa, mpenzi. Sisi tunahesabu waliokubaliwa."

"Dada, kataa," alisema Yadira.

 Mwanamke alishamvika Nereida kofia na kumsimamisha dirishani penye mwanga. Akarudi nyuma, akafumba jicho moja.

"Mzee, sogea kidogo. Unaingia kwenye picha."

Don Anselmo akasogea, plastiki yake kifuani.

"Kidogo tena."

Akasogea tena.

"Tena, mzee, bega bado linaonekana."

Alirudi kinyumenyume mpaka akawa nje, kwenye korido.

"Safi. Sasa dada, tazama juu, kama unaangalia kitu ulichojenga mwenyewe."

Nereida akatazama juu. Ilikuwa dari.

"Nzuri sana. Ila macho, dada. Fungua macho kidogo."

Akayafungua.