Plagi Namba Tatu

Ignas alikuwa akikinga ndoo ya sita aliposikia gari likipanda kilima kwa kukohoa. Maji ya bomba pale Bigwa hutoka alfajiri na kukatika saa nne, kwa hiyo hakuuacha mpira. Alisikiliza tu. Silinda nne, moja hailipuki. Gari linamisi. Ndoo ilipojaa akafunga koki, akaenda kufungua geti.

Lilikuwa gari la spoti, jekundu, la milango miwili, limelala chini kiasi kwamba mawe ya barabara ile yalikuwa yakilitishia tumbo. Halikuwa la Rogers, bosi wake. Lilikuwa la Abel, shemeji wa Rogers, kaka wa mke wake, aliyeliacha hapo kwa wiki tatu alipokwenda safari ya biashara. Alipoondoka alisema neno moja tu: lisiguswe. Rogers alikuwa akiligusa kila siku.

"Habari za asubuhi, bosi."

"Mbaya. Abel anaingia na treni ya mchana, na hili gari linatetemeka kama lina homa." Akatoa boksi kwenye kiti. "Nimenunua plagi mpya na koili zake. Nafunga mwenyewe."

"Tungemwita fundi wa Msamvu…"

"Fundi gani? Wale wote wanamjua Abel. Midomo yao haina breki."

Ignas aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati. Humo mlikuwa na karatasi ndani ya nailoni.

"Bosi, ile fomu. Chuo kinapokea mwisho leo saa sita."

"Si uliniambia jana?"

"Na juzi."

"Basi unajua nimekusikia. Nikimaliza hapa nasaini."

Saini ile ilikuwa kitu kidogo kwa Rogers. Alikuwa afisa, ofisini kwake watu hupanga foleni kungoja muhuri wake, na wengine hurudi mbali kama Matombo, ng'ambo ya milima yote ile, bila kuupata. Kwa Ignas ilikuwa kila kitu. Alifanya kazi miaka kumi na minne kwenye gereji, akajua injini kwa masikio. Gereji ilipofungwa, kila alikobisha hodi waliulizia cheti. Akawa mlinzi, mwaka wa sita sasa. Miaka miwili iliyopita alianza masomo ya jioni, mtu wa miaka hamsini na mmoja kwenye dawati moja na vijana waliomwita babu. Sasa ulibaki mtihani wa ufundi tu, na fomu ya mtihani ilimtaka mwajiri athibitishe tabia na ujuzi wake. Aliyekosa leo angengoja mwaka mzima.

Rogers aliinua boneti, akaegemeza simu kwenye kioo. Katika simu mzungu mmoja mwenye glavu nyeusi alikuwa akifungua injini huku akicheka.

"Injini ingepoa kwanza, bosi," Ignas alisema. "Silinda hedi, hiki kichwa cha injini, ni ya alumini. Ikiwa ya moto, plagi hutoka na uzi wa shimo lake."

"Wewe cheti unacho?"

"Bado, bosi."

"Basi. Huyu ana watazamaji laki nne. Kafunge bomba, linavuja."

Bomba halikuwa linavuja. Ignas alikwenda kulitazama, akarudi.

Rogers alifungua boliti za namba kumi, akachomoa koili moja baada ya nyingine. Hakupuliza vumbi lililokaa kwenye mashimo. Plagi ya kwanza ilitoka. Ya pili ilitoka kwa manung'uniko. Ya tatu ilikataa. Rogers alitafuta bomba la chuma, akalivika kwenye mpini wa spana ili apate nguvu, akaning'inia. Kitu kikalia ndani ya injini, sauti nyembamba ya kumtia mtu ganzi ya meno. Plagi ikaanza kuzunguka.

"Umeona?" Rogers akasema. "Uoga tu."

Ignas aliiona plagi ilipowekwa juu ya fenda. Kwenye meno yake ulikuwa umejiviringisha uzi wa alumini unaong'aa, kama nyuzi za fedha kwenye kanzu ya padri. Alitia mkono mfukoni na kukishika kipande cha mpira wa petroli, urefu wa kiganja. Hicho alikuwa nacho tangu gereji. Plagi mpya huchomekwa kwenye mpira ule, ikashushwa shimoni na kuzungushwa kwa vidole viwili. Ikiingia upande, mpira huteleza na fundi hujua kabla hajaharibu. Alikitoa.

"Bosi, tumia hiki."

"Niondolee takataka."

Plagi mpya iliingizwa kwa spana moja kwa moja. Ilizunguka. Ikaendelea kuzunguka, haikushika chochote, mpaka Rogers akaichomoa.

Jesca, mke wa Rogers, alitoka na birika. "Shikamoo, mzee Ignas. Chai hii." Kisha akaona boneti iliyo wazi. "Rogers! Si kaka alisema—"

"Ingia ndani."

Rogers alikaa kwenye ngazi. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alimtazama Ignas usoni.

"Inatengenezeka?"

"Inatengenezeka. Shimo linachongwa upya, linavishwa bushi yenye uzi mpya. Ila siyo leo."

Simu ya Rogers ililia. Aliongea akiwa amegeuka ukutani, kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini. Aliporudi alimwita Jesca alete karatasi na kalamu. Jesca alivileta, akaviweka juu ya ndoo bila kumwangalia mtu.

"Ignas, wewe ni mtu mzima, tutaelewana. Nimemwambia Abel kuwa wewe ulijaribu kulisaidia gari. Kwa nia njema. Andika hivyo, mistari miwili, utie sahihi. Abel hawezi kukufanya kitu, una nini cha kuchukuliwa? Na fomu yako lete hapa, nasaini sasa hivi na muhuri napiga. Sasa ni saa tano na nusu. Bodaboda inakufikisha."

Ignas aliitazama karatasi nyeupe, kisha ile fomu iliyokuwa tayari mkononi mwake. Midomo yake ilicheza. Rogers alidhani anahesabu. Alikuwa anamwomba Mungu ampe maneno machache, asije akasema mengi yakamharibia.

"Bosi, fomu inasema mimi ni fundi. Karatasi yako inasema nimetoa plagi injini ikiwa ya moto. Siwezi kuzitia sahihi zote mbili. Moja ni ya uongo."

"Ni karatasi tu, mzee!"

"Kwenu ninyi ni karatasi."

"Cheti huna, unaringa. Ukikipata je?" Rogers alisimama. "Kusanya vitu vyako kibandani. Abel akifika asikukute."

Vitu vyake vilienea kwenye mfuko mmoja: blanketi, madaftari, rozari, sufuria. Alipotoka, uwanja ulikuwa mtupu. Gari lilikuwa limeachwa boneti juu, mashimo wazi kwenye upepo unaoshuka Uluguru na vumbi lake. Hakuweza kupita. Alichukua kitambaa safi, akakikata vipande, akaziba kila shimo ili mchanga usiingie. Injini ilikuwa imepoa. Plagi ya nne, ambayo Rogers alikuwa bado hajaigusa, ilifunguka kwa mkono mmoja, laini, na shimo lake akaliziba pia.

Kengele ya kanisa ililia. Saa sita. Ignas alivua kofia, akasali sala ya Malaika wa Bwana mpaka mwisho, bila kuharakisha, kwa kuwa sasa hakuwa na pa kuwahi.

Kisha aliigeuza fomu. Nyuma ilikuwa nyeupe. Alipanga plagi nne za zamani juu yake kwa mpangilio wa silinda, akaandika namba chini ya kila moja kwa mwandiko wa darasa la jioni, herufi zinazosimama kila moja peke yake. Chini ya ya tatu aliandika: *Imetolewa injini ikiwa ya moto. Uzi uko kwenye plagi.* Akaandika jina lake, na mbele yake neno Fundi. Akazifunga ndani ya fomu ile.

Abel alifika saa nane akiburuta begi. Ignas alikuwa nje ya geti, chini ya ukuta.

"Wewe ndiye mlinzi? Wewe ndiye uliyeniulia gari?"

"Pole na safari, mzee. Hizi ni plagi zako za zamani. Ni haki ya mwenye gari."

Abel alizipokea bila kuziangalia, akaingia. Ignas alilifunga geti. Hakuwahi kulifunga akiwa upande wa nje.

Alikuwa amefika kwenye kona ya kisima aliposikia makelele ya mashemeji wawili, na sauti ya Jesca ikiwa juu ya zote. Kisha geti likagonga ukuta.

"Mlinzi!" Abel aliita. "We mlinzi! Rudi hapa!"

Ignas alihamisha mfuko bega la pili, akaendelea kuteremka. Mlinzi aliyeitwa hakuwapo tena barabarani.